Mura, ukiletewa uwanja wa ndege, uliza kwanza basi litapita wapi

NDUGU msomaji, wewe uliyeegesha bodaboda yako stendi ya Tarime ukisubiri abiria wa Nyamongo, wewe konda wa Hiace ya Mugumu ambaye tangu alfajiri hujatia kitu tumboni, na wewe mura uliyekimbilia Mwanza au Dar es Salaam kutafuta maisha, leo nina jambo nanyi. Ni jambo la basi. Nasema basi lile refu, la mita 18, lenye kiungo cha mpira katikati, ambalo likikata kona linajipinda kama chatu. Basi hilo, na uwanja wa ndege.

Najua utacheka. Utasema huyu mwandishi amekunywa nini asubuhi hii? Basi la mwendokasi na Tarime wapi na wapi? Ndege na mimi wapi na wapi, wakati nauli ya kwenda Musoma yenyewe naidunduliza?

Cheka, lakini ukimaliza kucheka nisikilize. Maana wakubwa wanapokuja kwetu na maneno ya uwanja wa ndege, wanategemea hivyo hivyo: kwamba kabwela atacheka, atapiga makofi, ataona ndege si zake, kisha atarudi kijiweni. Hapo ndipo tunapoliwa.

Anza na Magena, hapo hapo nje ya mji wa Tarime. Kwa miaka mingi uwanja ule mdogo umekuwa daraja la watalii. Mtalii yuko Serengeti, anataka kwenda Masai Mara. Ukitazama ramani ni pua na mdomo. Nyumbu wanavuka kwa miguu bila pasipoti. Lakini mpaka wa pale Bologonja ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na watalii hawakufunguliwa tena. Basi mtalii anapandishwa kindege kule mbugani, anatua Magena, anapokewa na gari safi, anapelekwa Sirari, anagongewa muhuri, anavuka Isebania, anafikishwa uwanja mdogo wa Migori, na huko kindege kingine kinamsubiri. Ndege, gari, mpaka, gari, ndege! Kila kipande cha safari kimeungwa na kingine kwa saa na dakika. Hakuna mahali anapoambiwa asubiri gari lijae.

Na wewe je? Wewe mwenye mkoa unasubiri gari lijae. Likijaa, linajazwa tena. Likiondoka, linasimama kila penye mtu. Mgonjwa yumo, mama mwenye kichanga yumo, kuku wamo. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamwaga imekuwa ikiwekwa lami vipande vipande, na kati ya kipande na kipande vumbi ni lako, kiangazi, na tope ni lako, masika.

Sina ugomvi na mtalii. Amelipa hela yake, ahudumiwe. Ninachosema ni kwamba mambo haya yanawezekana! Wanaotuambia kwamba usafiri wa saa maalumu hauwezekani huku kwetu, wanauona ukiwezekana kila siku mbele ya macho yao, tena kwenye barabara zile zile, kwa sababu tu aliyeko ndani ya gari analipa kwa dola.

Sasa twende Seronera. Seronera iko Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Kogatende nayo iko upande wetu huu wa kaskazini. Ndege za watalii zinatua na kuruka huko. Lakini muulize mtalii yuko wapi, atakwambia yuko Arusha. Amelala Arusha, amekodi gari Arusha, amenunua vinyago Arusha. Mara ni mahali pa kupiga picha za simba. Kijana wa Robanda, wa Natta au wa Mugumu anaziona ndege kwa juu, kama tulivyokuwa tukiziona utotoni na kuzipungia mikono.

Ndiyo maana kila anaposimama mheshimiwa na kusema uwanja wa ndege utajengwa Mugumu, watu wanashangilia. Habari ya uwanja wa Mugumu imezungumzwa kwa miaka mingi. Na uwanja wa Musoma umekuwa katika matengenezo makubwa miaka hii ya 2020. Ni mambo mazuri. Lakini mura, kabla hujapiga makofi, simama uulize swali moja tu: mheshimiwa, basi litapita wapi?

Hilo ndilo swali langu la leo. Uwanja uliojengwa kwa kodi ya umma ni wa umma pale tu ambapo mtu asiye na gari anaweza kuufikia kwa nauli ya kawaida na kushushiwa mlangoni. Kama hawezi, huo ni uwanja wa watu binafsi uliojengwa kwa hela ya watu wote. Tena wa watu wachache.

Usidhani natunga. Tazama Dar es Salaam. Uwanja mkubwa kuliko wote nchini unaitwa kwa jina la mtu wa Butiama, Julius Nyerere. Barabara inayokwenda huko, iliyokuwa ikiitwa Pugu Road, nayo ni Barabara ya Nyerere. Jina la mzee wetu wa Mara limetundikwa pale kwa herufi kubwa. Na mzee yule, mtamkosoa kwa mengine, lakini hakuna atakayemsingizia kwamba alitaka vitu vya umma viwe vya wenye magari.

Jengo la pili la abiria pale lilifunguliwa miaka ya 1980. Jengo la tatu lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, na lilijengwa lipokee abiria milioni 6 kwa mwaka. Milioni 6! Vioo, marumaru, ngazi za umeme. Lakini miaka yote hiyo mtu wa kawaida alifikaje pale? Alipanda daladala ya Gongo la Mboto, akateremshwa barabarani kwenye kituo, akabeba begi kichwani akakata mguu kuelekea majengo, huku mashangingi yakimpita na kumrushia maji ya mvua. Ndege zikitua usiku wa manane, daladala zimelala. Hapo ni teksi, na bei anayotajiwa inategemea anavyoonekana usoni.

Utaniambia anayepanda ndege ana hela, akodi teksi. Hapo ndipo wengi mnapokosea, ndugu zangu. Hebu hesabu waliomo ndani ya uwanja wa ndege. Abiria anakuja mara moja kwa mwaka, au mara moja katika maisha yake. Lakini mfagizi anakuja kila siku. Mlinzi anakuja kila siku. Mbeba mizigo, mpishi, muuza soda, mwosha magari, fundi umeme, binti wa kaunta, karani wa mizigo, wote wanakuja kila siku, na wengine zamu yao inaanza saa 10 alfajiri wakati jogoo hajawika. Hawa ndio wenye uwanja hasa. Na hawa mshahara wao hauwezi kulipa teksi hata siku 2 za wiki. Kijana asiyeweza kufika kazini saa 10 alfajiri, hiyo kazi hana. Hata kama imetangazwa kwamba ni ya wazawa!

Kwa hiyo basi la uwanja wa ndege ni ajira. Ukilikosa basi, kazi ya uwanjani itamwendea aliyepangishiwa nyumba karibu au aliyeletwa na gari la kampuni kutoka mkoa mwingine. Wewe wa Nyamongo na Mugumu utabaki kuhesabu ndege.

Ndipo linapoingia hilo basi refu. Kwa nini refu? Hesabu yake ni ya darasa la 4. Basi la mita 18 hubeba watu kama 150, waliokaa na waliosimama. Hiace iliyojaza watu 15 inahitaji wenzake 9 kufikisha idadi hiyo. Hiyo ni injini 10 zinazokunywa mafuta, madereva 10, na magari 10 yanayogombania kituo kimoja. Basi refu lina milango mipana 3 au zaidi, sakafu iko sawa na jukwaa la kituo, na tiketi unakata kabla hujapanda. Mtu mwenye begi anaingia anavuta begi lake, mlemavu anaingia na kiti chake, na ndani ya nusu dakika basi limeondoka. Kwa mahali kama uwanjani, ambapo watu wengi wanashuka kwa mkupuo na kila mmoja ana mzigo, usafiri wa namna hiyo ndio wenyewe.

Na si mambo mageni Tanzania. Waulizeni wazee waliokaa Dar es Salaam. Shirika la UDA lilizaliwa mwaka 1974, lilipogawanywa lile shirika la DMT lililokuwa limetaifishwa mwaka 1970. UDA ilileta kutoka Hungary mabasi ya Ikarus yenye kiungo katikati, na watu wa mjini wakayapachika jina la kumbakumba, maana yalizoa kila aliyekuwepo kituoni. Nini kiliyaua? Fedha za kigeni zilikauka, vipuri havikununuliwa, karakana ikageuka makaburi ya mabasi. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kwa nauli ya shilingi 5, ile "dala", na jina la daladala limetoka hapo. Kumbakumba hayakufa kwa sababu yalikuwa marefu. Yalikufa kwa sababu hakuna aliyewekwa kuyatunza na kuulizwa.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi marefu yakarudi. Safari hii yakaitwa mwendokasi, yakapewa njia yao peke yao katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Yalikuwa mabasi 140, machache yakiwa ya mita 18 na mengi ya mita 12, nauli shilingi 650. Siku za mwanzo mtu wa Kimara aliyezoea kukaa njiani saa 2 au zaidi alifika mjini chini ya saa 1. Alilia kwa furaha! Tuseme ukweli hata kama sisi ni watu wa upinzani: kitu kile kilikuwa kizuri.

Lakini wenye nchi yao wakafanya kama kawaida yao. Mpango ulitaka mabasi zaidi ya 300, wakaanza na 140, kisha wakakaa. Karakana wakaijenga Jangwani, bondeni, mahali ambapo hata mtoto wa chekechea wa Dar anajua Mto Msimbazi ukifura unakwenda wapi. Mafuriko yakaingia karakanani, mabasi ya mamilioni yakaoga matope. Watu wakawa wanajaa vituoni kama dagaa kwenye kanda. Upande wa Mbagala nako, njia ya zege ilikamilika, ikakaa bila mabasi. Watu wakaitazama tu hadi mwaka 2025 ndipo mabasi yakaanza kubeba abiria. Mtu anajenga nyumba, anaweka malango, anasahau kununua kitanda!

Awamu ya 3 ya njia hizo ndiyo inayotuhusu kwa leo. Imechorwa kufuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na kwa hiyo inapita mbele ya uwanja wa ndege. Ujenzi wake ulianza mwaka 2022. Ni hatua. Lakini angalia neno nililotumia: mbele. Kupita mbele ya uwanja na kuingia uwanjani ni vitu viwili. Kutoka barabarani hadi kwenye jengo la tatu, mwenye mabegi mawili na mtoto mgongoni ataniambia kama ni karibu. Jengo lilitangulia, basi likafuata baada ya miaka. Hao waliochora jengo la abiria milioni 6, ilikuwaje wakachora maegesho ya magari kabla ya kituo cha basi refu? Jibu unalijua. Mchoraji alikuwa na gari.

Wenzetu wamefanyaje? Nairobi, ambako wengi wenu mna ndugu, basi namba 34 limewafikisha watu Uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka mingi, kwa nauli ya mtu wa kawaida. Si basi refu, lakini linafika. Amsterdam, kwenye uwanja wa Schiphol, mwaka 2018 walianza kutumia mabasi 100 yenye kiungo, ya umeme matupu, kwenye njia za uwanjani na vitongoji vyake. Abiria wa ndege na mfagizi wanakaa kiti kimoja. Afrika Kusini walijenga treni ya Gautrain kutoka Johannesburg hadi uwanja wa ndege mwaka 2010. Ni treni nzuri mno, lakini nauli ya kushukia uwanjani iliwekwa juu kuliko ya vituo vingine, kwa hoja kwamba anayekwenda uwanjani ana hela. Mfagizi wa pale amebaki na kombi zake. Na London waliyatumia mabasi ya kiungo barabarani kwa miaka kama 10, wakayaondoa yote mwishoni mwa mwaka 2011. Watu waliingia kwa milango ya nyuma bila kulipa, na waendesha baiskeli walilalamika kwamba yanawabana kwenye kona. Basi refu si dawa ya kila ugonjwa. Lina masharti yake, na asiyeyatimiza linamtia hasara.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo wajanja watakaponirukia. Watasema: mwandishi, basi la watu 150 kati ya Tarime na Mugumu litabeba nani? Litakwenda tupu, litakula mafuta ya bure. Tena injini ya mengi ya mabasi hayo iko nyuma, inasukuma. Kwenye utelezi wa masika, kiungo kisipodhibitiwa basi litajikunja kama kisu cha mfukoni.

Nakubali. Wana haki kwa hilo. Mtu akikwambia kesho atakuletea basi la mita 18 kwenye barabara yenye vipande vya vumbi, mkimbie, ni tapeli wa uchaguzi. Basi refu linafaa pale ambapo basi la kawaida linajaa na kuondoka kila baada ya dakika chache na bado watu wanabaki. Hatujafika hapo.

Lakini uwanja wa ndege hujengwa kwa miaka 50. Ukichora lango lenye kona kali, kituo kidogo, na barabara nyembamba, umekwisha kuamua leo kwamba basi refu halitaingia kamwe. Utabomoa kwa gharama mara tano, au hutabomoa. Kwa hiyo sidai basi la mita 18 leo. Nadai tuanze na basi la kawaida la mita 12, au hata Coaster, ila njia, lango na kituo viwe vya ukubwa wa kupokea basi la mita 18 siku watu watakapojaa. Kuchora mstari mpana kwenye karatasi hakuli hela. Kinachokula hela ni kuusahau.

Basi haya ndiyo mambo ya kudai, mura. Yakariri kama unavyokariri matokeo ya mpira.

La kwanza, kituo cha basi kiwe mlangoni pa jengo la abiria, si barabarani. Kiwe kwenye mchoro wa kwanza kabisa, kabla ya maegesho ya mashangingi.

La pili, ratiba. Basi liondoke kwa saa, lijae lisijae. Lianze kabla ya zamu ya alfajiri na lingoje ndege ya mwisho. Kama van ya watalii inaweza kuingoja ndege Magena, basi la umma linaweza. Hasara ya safari zisizojaa ilipwe kutoka kwenye tozo za uwanja wenyewe. Anayetua alipie kidogo anayefagia.

La tatu, nauli. Ipangwe na LATRA kwa kilomita kama nauli nyingine yoyote. Tukiona nauli ya "uwanjani" imepanda mara tatu kwa sababu tu kuna ndege, tujue tumewekewa geti jingine. Mageti yanatosha! Tayari mtu wa Mara akitaka kwenda Arusha kwa basi kupitia hifadhi, anatozwa kiingilio kana kwamba anakwenda kuangalia tembo.

La nne, nani ataendesha? Hapa nawageukia ninyi wa Hiace na bodaboda, maana najua roho zinawadunda. Dar es Salaam mwendokasi ulipoanza, daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Wenye magari wengi walibaki wakitazama. Isiwe hivyo kwetu. Wenye Hiace wa Tarime, Nyamongo, Sirari na Mugumu mjiunge katika ushirika mapema, kabla ya zabuni, muwe ninyi wenye hisa katika basi hilo na vijana wenu wawe madereva na mafundi wake. Bodaboda ibaki na kazi yake halali: kumtoa mtu kijijini na kumleta kituoni. Mkingoja zabuni itangazwe ndipo mkutane, mtakuta kampuni ya mtoto wa kigogo imekwisha kusajiliwa.

La tano ni ardhi. Uwanja hauning'inii hewani, utakaa juu ya shamba la mtu, malisho ya mtu, kaburi la babu wa mtu. Pale Dar es Salaam, wakazi wa Kipawa na Kigilagila walitathminiwa mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja, wakakaa zaidi ya miaka 10 wakingoja fidia, hawajengi, hawakarabati, watoto wanazaliwa na kukua ndani ya nyumba yenye alama ya X. Fidia itangulie tingatinga. Na wanaohofia wanyama na njia za nyumbu nao wasikilizwe, wajibiwe kwa hoja, maana hifadhi hiyo ikifa hakutakuwa na ndege wala basi.

Utaniuliza, nimdai nani? Huna haja ya kwenda Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa ni wako, kwa sheria. Diwani wako anaingia baraza la halmashauri kila robo ya mwaka. Mradi mkubwa kama huo lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira, na wananchi lazima waulizwe maoni. Siku hiyo wataleta turubai, viti vya plastiki na soda. Kunywa soda, ndugu yangu, huna dhambi. Lakini ukishamaliza, nyoosha mkono, omba mchoro ubandikwe ukutani, uwatake wakuonyeshe kwa kidole: kituo cha basi kiko wapi, upana wa kona ya lango ni mita ngapi, basi la kwanza linafika saa ngapi. Yaandikwe kwenye muhtasari. Omba nakala.

Watakaposema maswali hayo ni ya kitaalamu, wajibu kwamba mfagizi anayechelewa zamu na kukatwa mshahara anayajua kuliko mtaalamu. Watakaposema ninyi wapinga maendeleo, wajibu kwamba maendeleo ndiyo mnayoyauliza yatapita barabara gani. Na wakikasirika, jua umegusa penyewe.

Sisi watu wa Mara hatujawahi kuogopa kuuliza. Dhahabu ilipotoka Nyamongo kuanzia mwaka 2002, tuliuliza tukiwa tumechelewa, shimo limekwisha kuchimbwa. Uwanja wa ndege tusiuchelewe. Tuulize sasa, wakati bado ni karatasi.

Kazi kwenu, vijana.